Kigiriki kabla ya Homeros: asili ya lugha na makuzi yake ya awali

0. Utangulizi

Katika masomo mengi ya vyuo vikuu historia ya Kigiriki huanzishwa na Homeros. Mwanafunzi huelezwa kwamba tenzi za Iliada na Odisea zilitungwa yapata karne ya 8 K.K., kisha wakaja wanafalsafa wa Athens, na baada yao Agano Jipya. Kwa namna hiyo lugha huonekana kana kwamba ilizaliwa ikiwa tayari mtu mzima. Hali halisi ni nyingine. Maandishi ya Kigiriki ya kale zaidi yanayosomeka leo yameutangulia utunzi huo kwa karne zipatazo sita, na wala si mashairi: ni hesabu za kondoo, magurudumu, mafuta na mitungi. Nyuma ya hesabu hizo ipo historia ndefu zaidi, isiyoandikwa, ambayo wanaisimu wameifikia kwa kulinganisha sauti.

Makala haya yanakusudia kueleza historia hiyo na kutetea hoja moja, kwamba Kigiriki hakikuletwa Ugiriki kikiwa Kigiriki. Kilicholetwa ni lahaja ya jamii ya Kihindi-Kiulaya, nayo ikageuka kuwa Kigiriki papo hapo, katika kuishi pamoja na lugha zilizoitangulia. Suala hili si geni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Ni nani kati yao asiyekwisha kuambiwa kwamba Kiswahili ni mchanganyiko tu, ati nusu Kibantu na nusu Kiarabu, hivyo hakina asili? Njia iliyotumika kuamua asili ya Kigiriki yafaa ijulikane na wale wanaolazimika kujibu maneno ya namna hiyo.

(Maneno ya Kigiriki yameandikwa hapa kwa herufi za Kilatini, na urefu wa irabu haukuonyeshwa.)

1. Undugu wa sauti

Mwaka 1786 William Jones, hakimu Mwingereza aliyefanya kazi Calcutta, alitangaza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno hata mwanaisimu hawezi kuvichunguza bila kuamini kwamba vimetoka katika chemchemi moja. Mwaka 1816 Franz Bopp, Mjerumani, alitoa kitabu kilicholinganisha minyambuliko ya vitenzi vya lugha hizo. Baba kwa Kigiriki ni pater, kwa Kilatini pater, kwa Kisanskriti pitar-. "Yeye ni" husemwa esti, est na asti. "Ninabeba" husemwa phero, fero na bharami. Msomaji anayejua Kifaransa hakosi kuitambua est.

Hata hivyo, mfanano wa maneno mawili matatu haujengi undugu. Kinachoujenga ni utaratibu: pale ambapo lugha moja ina sauti fulani, nyingine ina sauti yake nyingine, na hivyo kila mara bila upendeleo. Ndiyo kanuni iliyomwezesha Carl Meinhof, mwaka 1899, kuunda upya sauti za Bantu-mame kwa kulinganisha lugha zilizo hai. Kwa upande wa Kigiriki mabadiliko machache yatosha kuonyesha jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi.

La kwanza ni la s. Mwanzoni mwa neno, mbele ya irabu, s ya zamani iligeuka kuwa h. Kilatini husema septem, sex, sal, super. Kigiriki husema hepta, hex, hals, hyper. Kifaransa kimerithi tawi la kwanza na kuazima la pili, hata mtu asemaye supérieur na hypertension katika sentensi moja ametumia neno lile lile mara mbili bila kujua. Katikati ya irabu mbili h hiyo ilififia zaidi, na mwishowe ikatoweka kabisa.

La pili lahusu mpumuo. Lugha-mame ilikuwa na konsonanti za namna ya bh, dh na gh, ambazo Kisanskriti kilizihifadhi. Kigiriki kiliziondolea ughuna, zikawa ph, th na kh. Hapa wasomaji wengi hukosea, wakidhani ph ya Kigiriki cha kale ilitamkwa f kama katika Kifaransa. Sivyo. Ilikuwa p yenye mpumuo, sawasawa na ile ambayo mtu wa Mombasa huitumia kutofautisha paa ya nyumba na p'aa wa mwituni. Matamshi ya f yalikuja baadaye sana.

Mpumuo huo ulizaa jambo jingine ambalo wanafunzi wa lugha za Kibantu watalipokea kama mgeni wanayemfahamu. Hermann Grassmann alionyesha mwaka 1863 kwamba Kigiriki hakivumilii silabi mbili jirani zenye mpumuo: ya kwanza huupoteza. Unywele ni thrix, lakini "wa unywele" ni trikhos. Shina la kale lilikuwa thrikh-. Katika trikhos kh imebaki, kwa hiyo th imelazimika kuwa t. Katika thrix kh imekutana na s ikapoteza mpumuo wake, na th ikasalimika. Vivyo hivyo "nina" ni ekho, nayo "nitakuwa na" ni hexo. Sasa watazamwe majirani wa mashariki mwa Kongo. Katika Kinyarwanda na Kirundi jani ni ikibabi lakini mti ni igiti, kwa kuwa k ya kiambishi haikai mbele ya konsonanti nyingine isiyo ghuna. Hugeuka kuwa g. Hiyo ndiyo iitwayo Sheria ya Dahl, kwa jina la mmisionari aliyeiona katika Kinyamwezi. Sauti zinazohusika si zile zile, wala hakuna undugu wowote kati ya lugha hizi. Lakini tabia ni moja: ulimi hukwepa kurudia jitihada ile ile mara mbili mfululizo.

Sheria ya Grassmann yafaa pia kwa kupanga tarehe. Kitenzi peitho, "ninashawishi", kilianza kwa bh katika lugha-mame, na Kilatini kina fido. Kama mpumuo ungalipotea kabla ya ughuna kuondoka, neno lingalianza kwa b. Linaanza kwa p. Kwa hiyo bh ilikuwa kwanza ph, ndipo ikapoteza mpumuo. Hakuna kumbukumbu ya maandishi inayosema hivyo. Neno lenyewe lasema.

La mwisho ndilo lenye uzito zaidi katika makala haya. Lugha-mame ilikuwa na konsonanti zilizotamkwa nyuma ya kinywa huku midomo ikiviringwa, zinazoweza kuandikwa kw na gw. Kilatini kilihifadhi ile ya kwanza kwa tahajia ya qu: quis ni nani, quinque ni tano, quattuor ni nne, sequor ni ninafuata. Katika Kigiriki cha Athens maneno hayo ni tis, pente, tettares na hepomai. Kw imekuwa t mbele ya i na e, na p mbele ya o. Badiliko linaloongozwa na irabu inayofuata halitamshangaza mtu yeyote aonaye ki- ikigeuka ch- katika chakula na chombo.

Wanaisimu wa karne ya 19 walisisitiza, basi, kwamba zamani palikuwa na Kigiriki kilichosema kwetwor- badala ya tettares. Hakuna mtu aliyewahi kukiona Kigiriki hicho. Lahaja zote zilizojulikana zilikuwa na t au p. Wenye shaka walikuwa na haki ya kuuliza kama kw hiyo haikuwa ndoto ya maprofesa.

2. Maneno yasiyo na ndugu

Kabla ya kufika kwenye jibu, upande wa pili wa asili ya Kigiriki hauna budi kutazamwa. Baba, mama, hesabu, vitenzi vya msingi, viambishi vya minyambuliko, vyote hivi vina ndugu mpaka India. Lakini bahari, ambayo Wagiriki walikaa nayo siku zote, ni thalassa, nalo ni neno lisilo na ndugu popote. Mzeituni, elaia, vivyo hivyo. Bafu ni asaminthos, tofali ni plinthos, upanga ni xiphos, mvinje ni kyparissos. Hata basileus, "mfalme", haina asili ya Kihindi-Kiulaya inayokubalika.

Mwaka 1896 Paul Kretschmer alionyesha kwamba viishio -nthos na -ssos hujirudia katika majina ya mahali pasipokuwa na maana kwa Kigiriki: Korinthos, Zakynthos, Knossos, Parnassos; na kwamba majina yanayofanana nayo yako pia ng'ambo, katika Anatolia. Mwaka 1928 Carl Blegen, mchimbuaji, na J. B. Haley waliyaweka majina hayo kwenye ramani, wakaona yanaelekea kuangukia kwenye makazi ya mwanzo wa Enzi ya Shaba. Watu waliopaita Korinthos walikuwapo kabla ya wale waliokuja kuimba habari zake. Baadhi ya maneno yao yamesafiri mbali: Mkongomani aandikaye labyrinthe au cyprès kwa Kifaransa anatumia mabaki ya lugha ambayo hakuna tena aijuaye.

Wagiriki wenyewe hawakusahau kabisa. Herodotos, katika karne ya 5 K.K., aliwataja Wapelasgi waliokuwa wakisema lugha ya kigeni, akakata shauri kwamba watu wa Attika, kwa kuwa asili yao ilikuwa Pelasgi, hawana budi kuwa walibadili lugha walipoingia katika Uheleni. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba Mgiriki wa kale alikiri bila haya yale ambayo wapenzi wa Ugiriki wa karne ya 19 walisita kuyakiri.

Je, wingi wa maneno hayo unakifanya Kigiriki kuwa lugha ya mchanganyiko? Robert Beekes, aliyetoa kamusi kubwa ya asili ya maneno ya Kigiriki mwaka 2010, aliyahesabu maneno ya namna hiyo kwa mamia mengi. Wengine humwona amekwenda mno. Lakini hata akikubaliwa kwa ukamilifu, jibu ni hapana. Thalassa likishaingia hunyambuliwa kama neno jingine lolote: "ya bahari" ni thalasses au thalassas kufuatana na lahaja, kwa viambishi vilivyotoka katika lugha-mame. Neno limeazimwa, kinachoendesha neno hakikuazimwa. Ndivyo kitabu kilivyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mara kikapewa wingi wa vitabu, kana kwamba ki- yake ilikuwa ya Kibantu tangu mwanzo. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walikiweka Kiswahili katika kundi la Sabaki pamoja na Kikomoro, Kimijikenda na Kipokomo kwa ushahidi wa sauti na viambishi, wala si kwa kuhesabu maneno ya mkopo. Kipimo kinachomfaa Mgiriki hakiwezi kukataliwa kwa Mswahili.

3. Vibao vya udongo

Mwaka 1900 Arthur Evans, Mwingereza, alianza kuchimbua Knossos katika kisiwa cha Krete. Alikuta jumba kubwa, na ndani yake vibao vya udongo vyenye alama zisizojulikana. Alitofautisha aina mbili za mwandiko: Lineari A, ulio wa zamani zaidi, na Lineari B. Vibao havikuchomwa na waandishi. Vilikaushwa tu, vitumike kwa mwaka mmoja kisha vitupwe. Ni moto ulioteketeza majumba uliovigeuza kuwa vigumu kama chungu. Janga la wafalme likawa hifadhi ya makarani wao.

Evans aliamini kwamba Wakrete hao, aliowaita Waminoa, walikuwa mabwana wa eneo lote, na kwamba Kigiriki hakikuhusika hata kidogo. Uzito wa jina lake ulikuwa mkubwa hata wengi hawakuthubutu kuwaza vingine. Alipofariki mwaka 1941 sehemu kubwa ya vibao vya Knossos ilikuwa haijachapishwa. Wakati huo huo, mwaka 1939, Blegen alikuwa amekuta mamia ya vibao vya Lineari B huko Pylos, katika bara la Ugiriki.

Hatua ya kwanza ya hakika ilitoka kwa Alice Kober, mwalimu wa chuo huko New York. Bila kuipa alama yoyote sauti, alionyesha kwamba maneno fulani hutokea katika maumbo matatu yanayoshiriki mwanzo na kutofautiana mwishoni. Kwa maneno mengine, lugha ya vibao ilikuwa na uhusika. Alifariki mwaka 1950, akiwa na miaka 43, bila kuyaona matunda. Emmett Bennett, Mmarekani mwingine, alipanga alama zipatazo 90 na kuamua zipi ni moja zenye miandiko tofauti na zipi ni mbili. Ni kazi kavu, lakini bila hiyo hakuna lililowezekana.

Michael Ventris hakuwa profesa. Alikuwa msanifu wa majengo, aliyekutana na Evans kwenye maonyesho huko London mwaka 1936, akiwa mvulana wa miaka 14. Akiwa na miaka 18 alichapisha makala yaliyodai kwamba lugha ya vibao ina uhusiano na Kietruski cha Italia, na wazo hilo alikaa nalo zaidi ya miaka kumi. Mbinu yake ilikuwa kujenga jedwali: alama zinazoshiriki konsonanti ziwe katika safu moja, zinazoshiriki irabu katika nyingine, hata kama konsonanti na irabu zenyewe hazijulikani. Mwaka 1952 alijaribu kuingiza majina ya miji ya Krete, ambayo huenda hayakubadilika. A-mi-ni-so ilijitokeza, yaani Amnisos, bandari ya Knossos. Kisha ko-no-so, Knossos yenyewe. Thamani hizo zilipohamishiwa kwenye maneno mengine, yalianza kutoka maneno ya Kigiriki: ko-wo, mvulana, ko-wa, msichana, to-so, "kiasi hiki". Ventris mwenyewe alidhani mwanzoni kwamba ni kiini macho. Tarehe 1 Julai 1952 alitangaza kwa redio ya BBC kwamba lugha ya Lineari B ni Kigiriki. John Chadwick wa Cambridge, mjuzi wa lahaja za kale, alijiunga naye, na mwaka 1953 wakatoa makala yao ya pamoja.

Wengi hawakusadiki, na hawakuwa wajinga. Mwandiko huu ni wa silabi wazi, konsonanti na irabu, nao hulazimisha Kigiriki kuvaa nguo isiyo yake. Konsonanti zinazoambatana hutenganishwa kwa irabu ya ziada, kama Kiswahili kinavyofanya katika burashi na kilabu. Konsonanti za mwisho wa silabi kwa kawaida huachwa. L na r ni kitu kimoja. K, g na kh pia. Pylos huandikwa pu-ro. Kwa mwandiko unaovumilia kiasi hiki, msomaji mjanja aweza kupata karibu lolote analotaka.

Kilichomaliza ubishi ni kibao kimoja cha Pylos kilichochimbuliwa mwaka 1952, ambacho Ventris hakuwa amekiona alipofumbua mwandiko. Blegen alizitumia thamani za Ventris juu yake mwaka 1953. Penye picha ya sufuria ya miguu mitatu palisomeka ti-ri-po, tripos. Penye picha hiyo na tarakimu 2 palisomeka ti-ri-po-de, umbo la uwili. Ikafuata orodha ya mitungi, iliyotofautishwa kwa "masikio", kwa maana ya mikono yake. Mtungi wenye mikono mitatu kwenye picha uliandikwa ti-ri-jo-we, usio na mkono uliandikwa a-no-we. Na mtungi wenye mikono minne uliandikwa qe-to-ro-we.

Qe hapa ni kwe. Ni kwetwor- ile ile iliyounganishwa na wanaisimu katika karne ya 19 kwa hesabu ya sauti tu, kabla ya udongo huu kutoka ardhini. Karani wa Pylos, aliyekuwa akihesabu vyombo vya jumba takriban mwaka 1200 K.K., aliwapa haki bila kukusudia.

Ventris alifariki katika ajali ya barabarani mwezi Septemba 1956, akiwa na miaka 34, majuma machache kabla ya kitabu chake kikubwa na Chadwick kutoka. Lineari A ingali haijafumbuliwa. Alama nyingi hutamkika kwa kukisia kutokana na Lineari B, lakini lugha inayotoka si Kigiriki, na huenda ni mojawapo ya zile zilizokopesha maneno yenye -nthos.

4. Ndani ya vibao

Kigiriki cha Mycenae, kama kinavyoitwa kwa jina la mji ule maarufu, kinaruhusu mabadiliko ya sauti kupangwa kwa tarehe. S ilikuwa imekwisha kuwa h. Bh ilikuwa imekwisha kuwa ph, kwa kuwa alama za p hutumika kwa zote mbili ilhali d ina alama zake. Lakini kw na gw zilikuwa bado hai: farasi ni i-qo, ambaye baadaye ni hippos, na mkuu wa mafundi ni qa-si-re-u, cheo kidogo ambacho baadaye kilipanda hadi kuwa basileus, mfalme. Mfalme wa wakati ule aliitwa wa-na-ka, wanax.

W hiyo ya wanax ina kisa chake. Katika Homeros neno ni anax, halina w. Lakini mwanzoni mwa karne ya 18 Richard Bentley, Mwingereza, alitambua kwamba mistari mingi ya Homeros ina mizani mbovu isipokuwa w irudishwe mbele ya maneno kama anax na oinos, divai. Watunzi walikuwa wamerithi vipande vya mistari kutoka kwa mababu waliotamka w, wakaviimba kwa uaminifu hata baada ya sauti kufa. Vibao vya udongo vina wa-na-ka na wo-no. Msomi wa tenzi na mchimbuaji walifika mahali pamoja kwa njia mbili.

Katika sarufi vibao huonyesha uhusika wa ala wenye kiishio -pi, yaani -phi, kwa mfano po-pi, "kwa miguu", ambao katika Kigiriki cha Athens haupo tena. Kiambishi e- kionyeshacho wakati uliopita, ambacho Kigiriki kinashiriki na Kisanskriti, Kiarmenia na Kifrigia, kwa kawaida hakimo: "alitoa" ni do-ke, si edoke. Kwa maneno ya biashara jumba lilikuwa wazi kwa dunia. Dhahabu ni ku-ru-so na ufuta ni sa-sa-ma, yote mawili yametoka katika lugha za Kisemiti. Simsim ya Waarabu, inayotumika hata leo sehemu za Afrika ya Mashariki, ni ndugu wa hilo la pili.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa, kwa kuwa lilipindua vitabu vya zamani. "Wanatoa" katika vibao ni di-do-si, didonsi. Wadori walisema didonti, ambalo ni umbo la kale zaidi. Maana yake ni kwamba lahaja za Kigiriki zilikuwa zimekwisha kugawanyika kabla ya majumba kuteketea, na kwamba Wadori, popote walipokuwa, walikuwa wamehifadhi umbo ambalo makarani wa Pylos walikuwa wamelipoteza. Chadwick alijaribu mwaka 1976 kuonyesha kwamba Wadori walikuwamo humo humo, wakiwa watu wa tabaka la chini chini ya majumba. Wazo hilo lapendeza, lakini ushahidi wake ni haba: alama chache katika vibao, na mengineyo ni makisio.

5. Walifika lini?

Swali hili hupendwa na wengi, nalo limeulizwa vibaya mara nyingi. Wachimbuaji walitafuta tabaka la majivu na kusema "hapa ndipo walipoingia". Huko Lerna, katika Peloponnesos, John Caskey alichimbua katika miaka ya 1950 jumba lililoungua yapata mwaka 2200 K.K., na wengi wakaona humo alama ya kuwasili. Wengine wamependelea takriban mwaka 1600 K.K., wakati wa makaburi yenye dhahabu ambayo Heinrich Schliemann aliyafungua Mycenae mwaka 1876. Colin Renfrew, katika kitabu cha mwaka 1987, alirudi nyuma sana zaidi: lugha ililetwa na wakulima wa kwanza kutoka Anatolia, kabla ya mwaka 6000 K.K.

Uchunguzi wa chembe za urithi umeongeza ushahidi, bila kulimaliza suala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Waminoa wa Krete na watu wa Mycenae walikuwa karibu sana kwa nasaba: angalau robo tatu ya asili yao ilitokana na wakulima wa kwanza wa Anatolia ya magharibi na Aegea. Lakini watu wa Mycenae walikuwa na sehemu ndogo zaidi, kati ya asilimia 4 na 16, yenye uhusiano na watu wa kaskazini, upande wa nyika za Ulaya ya mashariki. Utafiti wa mwaka 2021 ulikuta sehemu hiyo ikiwa kubwa zaidi kwa watu walioishi kaskazini mwa Ugiriki yapata mwaka 2000 K.K. Picha hii yaelekea kumpinga Renfrew na kulingana na tarehe za kati. Hata hivyo mifupa haisemi lugha. Yanayoonekana ni kwamba waliokuja walikuwa wachache kuliko waliokuwapo, na kwamba wengi wa mababu wa Wagiriki walikuwa watu waliojifunza lugha ya wageni na kuijaza maneno yao wenyewe. Herodotos hakukosea sana.

6. Kimya, halafu alifu

Majumba yalianguka yapata mwaka 1200 K.K., na mwandiko ukaanguka nayo, kwa kuwa ulikuwa mali ya makarani wachache na hesabu zao. Kwa karne kadhaa bara la Ugiriki halikuandika neno. Katika kisiwa cha Kupro tu, kwenye kaburi la Palaipaphos, ulipatikana mshikaki wa shaba wa karne ya 11 au 10 K.K. wenye alama tano za mwandiko mwingine wa silabi: o-pe-le-ta-u, "wa Opheltas". Kiishio chake -au ni cha lahaja ya Arkadia na Kupro, iliyo karibu zaidi na ile ya vibao.

Katika karne ya 9 au ya 8 K.K. Wagiriki walichukua herufi za Wafoinike. Mtoto wa chuoni aanzaye na "alifu, be, te" atazitambua alpha na beta bila kuambiwa. Wafoinike waliandika konsonanti pekee. Wagiriki walichukua herufi za sauti wasizokuwa nazo kinywani, kama ile ya kwanza, wakazifanya irabu. Waswahili walioandika kwa herufi za Kiarabu walikutana na tatizo lile lile la irabu, wakalitatua kwa alama za juu na za chini. Kwenye mtungi mmoja wa Athens wa mwaka 740 K.K. hivi, maneno yaliyokwaruzwa yasema ni zawadi ya mchezaji ngoma atakayewapita wenziwe wote kwa wepesi.

W nayo ilipata herufi yake, ya sita katika orodha, kutoka kwa waw ya Wafoinike. Waionia hawakuitamka tena, wakaiacha. Athens ilipopokea rasmi alfabeti ya Ionia mwaka 403 K.K. haikuwamo, ikabaki kuwa tarakimu ya 6 tu. Magharibi, kupitia kwa Waetruski, iliwafikia Warumi, nao wakaitumia kwa sauti nyingine. Ndiyo F ya alfabeti inayotumika leo kuandika Kiswahili. Ndugu yake, wau, imo katika hati zote za zamani za pwani zilizoandikwa kwa Kiarabu, nayo ingali ikitamkwa w.